Iambieni Chipu Data Itakaa Muda Gani

Barua ya wazi kwa watengenezaji wa simu, watengenezaji wa chipu za kuhifadhi data na waandishi wa programu za Android

Kasulo, Kolwezi
Mkoa wa Lualaba, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo

Kuhusu: simu zinazokufa kwa sababu ya kuandikiwa ovyo



Nawaandikia kutoka Kasulo. Jina la mtaa huu huenda mmelisikia. Mwaka 2014 mkazi mmoja alichimba uani kwake akakuta heterojeniti, jiwe jeusi lenye kobalti nyingi, na haukupita muda watu wakawa wanashuka chini ya nyumba zao wenyewe, mashimo yakifunguliwa hadi vyumbani. Januari 2016 Amnesty International na shirika la Afrewatch la hapa Kongo walitoa ripoti iliyoifuata kobalti ya wachimbaji wadogo kutoka mashimoni hadi kwenye betri za kampuni kubwa za simu na magari. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ilihamishwa watu, ikazungushiwa ukuta, na haki ya kununua madini ya humo ikapewa kampuni moja, Congo Dongfang Mining. Tangu wakati huo mmeandikiwa mengi juu ya kile kinachotoka Kasulo. Barua hii inahusu kile kinachorudi.

Kobalti huondoka Kolwezi kwa malori, hupita Zambia hadi bandari kama Durban na Dar es Salaam, huvuka bahari kwenda China, husafishwa na kuingizwa kwenye betri. Baada ya miaka kadhaa gramu chache zake hurejea hapa ndani ya simu, na mara nyingi ni simu ambayo mtu mwingine amekwisha kuitumia. Mimi ni fundi wa simu. Nazipokea zikiwa zimechoka. Kioo kikipasuka nakibadilisha. Betri ikivimba naitoa na kuweka nyingine. Tundu la chaji likilegea nalilehemu upya. Lakini kuna kifo kimoja nisichoweza kukitibu kwa bei ambayo mteja wa Kasulo anaimudu, nacho ni kuchakaa kwa chipu ya kuhifadhi data. Chipu hiyo imelehemewa kwenye bodi. Ikifa, simu nzima inakwenda nayo, pamoja na kioo kizima, kamera nzima, na betri yenye kobalti iliyokuwa bado na nguvu.

Ninachotaka kuwaambia ni kimoja. Chipu hizi zinakufa mapema kuliko inavyolazimu kwa sababu haziambiwi jambo ambalo programu inayoandika tayari inalijua: data hii itakaa muda gani kabla haijafutwa. Njia ya kuziambia ipo, tena mmeitengeneza ninyi wenyewe. Kwenye simu ninazozifungua mezani kwangu sijaikuta ikitumika.

Niwaonyeshe simu moja. Mama mmoja anayeuza unga wa mahindi aliniletea akisema, “Papa, hii telefone inakuwa muzito, inakatala kuchukua foto.” Ilikuwa simu ya GB 16, aliyoinunua ikiwa mtumba. Ukigusa kibodi, herufi inatokea baada ya wewe kuhesabu hadi tatu. Ukipiga picha, inalia kama imeipiga, halafu ukiitafuta huioni. Niliifuta yote na kuirudisha ilivyotoka kiwandani. Ikawa nyepesi kwa muda, kisha ikarudi kule kule. Ndipo nikaiunganisha na kifaa cha kusomea chipu. Tangu toleo la 5.0 la eMMC, kiwango kinachofuatwa na chipu kama hii, lililotoka mwaka 2013, chipu hizi hutunza makadirio ya uchakavu wake. Namba 0x01 maana yake imetumia hadi asilimia 10 ya umri wake, 0x02 hadi asilimia 20, na kuendelea hivyo mpaka 0x0A. Namba 0x0B maana yake imekwisha kupita umri wote iliokadiriwa. Chipu ya mama huyu ilisomeka 0x0B. Alipoinunua simu aliangalia kioo, akajaribu spika, akapiga namba ya dada yake. Hakuna mahali popote kwenye mipangilio ya simu palipomwonyesha namba ile.

Wengi wenu mnajua inavyofika huko, lakini barua hii itasomwa na wengine pia, kwa hiyo nitaeleza. Chipu ya aina hii, iitwayo flashi, haiandiki juu ya kilichokwisha kuandikwa. Data huingizwa kwa kurasa, mara nyingi za KB 4 hadi 16, lakini haifutwi kwa kurasa. Hufutwa kwa bloku nzima yenye mamia ya kurasa au zaidi, MB kadhaa kwa mkupuo. Kila ufutaji hupitisha umeme wa nguvu katika tabaka jembamba linalozuia chaji ya seli isivuje, na kila mara tabaka hilo huchoka kidogo. Seli za zamani za biti moja zilivumilia kufutwa kama mara 100,000. Seli za biti tatu, zilizojaa kwenye simu za leo, huhesabiwa kwa elfu moja hadi tatu hivi, na za biti nne huwa chini ya hapo. Ndivyo bei ya GB moja ilivyoshuka: biti zaidi zimebanwa kwenye seli ile ile, na uvumilivu wake ukapungua.

Sasa fikirini bloku moja. Ndani yake kuna kurasa za picha ya mtoto ambayo mwenye simu hataifuta kamwe, na katikati yake kuna kurasa za faili la muda lililofutwa dakika mbili baada ya kuandikwa. Chipu inataka nafasi. Haiwezi kufuta kurasa zilizokufa peke yake, kwa hiyo inaihamisha picha kwenye bloku nyingine kwanza, ndipo ifute bloku yote. Mwenye simu hakuandika kitu, lakini chipu imeandika. Kesho picha ile ile itakaa tena na jirani mwingine wa muda mfupi, na itahamishwa tena. Simu ikiwa imejaa hadi ukingoni, kama zilivyo karibu zote za GB 16 na 32, bloku tupu huwa chache, na uhamishaji huu haukomi.

Hesabu yake ni rahisi. Tuseme chipu ya GB 16 inavumilia kufutwa mara 1,000 kwa kila bloku. Hiyo ni TB 16 za kuandika katika maisha yake yote. Simu ikiandika GB 5 kwa siku, na chipu ikaandika hizo hizo tu, inachukua zaidi ya miaka minane kuchakaa. Lakini kwa kila GB moja ya programu chipu ikilazimika kuandika nne, inachoka kwa GB 20 kila siku, na umri wake unakuwa siku 800, miaka miwili na miezi miwili hivi. Mnunuzi wa kwanza, mjini kwenye duka lenye kiyoyozi, ataitumia miaka hiyo miwili na hataona kitu. Atakayeona ni yule wa pili, na huyo wa pili anaishi huku.

Wachimbaji wa hapa wanalijua tatizo hili la kuchanganya bila kompyuta. Heterojeniti nyeusi na malakiti ya kijani, jiwe la shaba, hutengwa mdomoni mwa shimo, kila moja na gunia lake. Ukichanganya, ukifika depo kwa negosiani, yaani mnunuzi wa madini, mwenye mashine ya kupimia kiwango, ile inayoitwa Metorex, gunia litamwagwa, litachaguliwa na kujazwa upya, na gharama ya kazi hiyo utakatwa wewe. Kutenga wakati wa kujaza hakugharimu kitu, kwa sababu anayejaza analiona jiwe mkononi mwake.

Programu nayo inaliona jiwe mkononi mwake. Chukueni WhatsApp, ambayo hapa Kolwezi ndiyo posta, ndiyo soko na ndiyo redio. Kila siku saa nane usiku huandika ndani ya simu bakapu ya meseji, na huweka bakapu za siku saba zilizopita. Za zamani zaidi ya hapo huondolewa. Kwa hiyo faili linaloandikwa usiku wa leo linajulikana siku yake ya kufa kabla herufi ya kwanza haijaingia kwenye chipu: ni wiki moja. Mwenye bakapu ya MB 300 kila usiku huandikiwa MB 300 usiku huu, MB 300 kesho, GB 9 kwa mwezi, zote zikiwa na umri mmoja. Zikikaa pamoja kwenye bloku zao, siku ya kufutwa bloku nzima zinakuwa tupu bila kuhamisha hata ukurasa mmoja. Zikichanganywa na picha za harusi, mnajua kinachofuata.

Au chukueni SQLite, hifadhidata ndogo ambayo programu nyingi za Android huitumia kutunza majina, meseji na mipangilio. Kabla ya kubadilisha jambo lolote, huandika kwanza kwenye faili la kumbukumbu za mabadiliko ili umeme ukikatika data isiharibike. Faili hilo huishi sekunde au dakika. Aliyeiandika SQLite anajua hivyo, mfumo wa Android unajua hivyo, ila chipu haijui. Na kwa upande wa pili, picha zinazotoka kwenye kamera, nyimbo, programu zenyewe zilizowekwa: hivi hukaa miaka.

Pasipo kuambiwa, mfumo wa mafaili hubaki kukisia. F2FS, uliotoka Samsung na kuingia Linux, kiini cha Android, mwaka 2013, ulikuwa hatua kubwa, kwa kuwa hugawa data katika makundi matatu, ya moto, ya vuguvugu na ya baridi, na kila kundi huandikiwa mahali pake. Lakini hukisia kwa mkia wa jina la faili: jpg na mp4 ni baridi, db ni moto. Mara nyingi hupatia. Lakini jpg inaweza kuwa picha ya marehemu baba, na inaweza kuwa kijipicha cha tangazo kilichohifadhiwa na kivinjari ambacho kesho hakitakuwepo. Mkia ni mmoja, umri ni tofauti kabisa.

Ndiyo maana nasema njia ipo. Mwaka 2014 wahandisi wa Samsung walionyesha diski iliyopokea data katika mikondo iliyotengwa kulingana na umri wake. Mwaka 2017 mhandisi Jens Axboe aliingiza kwenye Linux 4.13 njia ya programu kusema, faili kwa faili, kwamba kinachoandikwa kina umri mfupi, wa kati, mrefu, au mrefu kupindukia. Ni dokezo tu, halina siku wala saa. Chipu inayolisikia hutenga. Isiyolisikia hulipuuza na kazi inaendelea. Halafu mwaka 2022, katika Linux 5.18, sehemu iliyopeleka dokezo hilo hadi kwenye diski iliondolewa, kwa kuwa diski zilizolisikiliza zilikuwa chache mno. Mwaka 2024, katika Linux 6.9, ilirudishwa na Bart Van Assche wa Google, na safari hii kwa ajili ya chipu za UFS zilizo ndani ya simu.

Kwa hiyo mlango uko wazi tangu 2024. Upande wa sava hawakusubiri: Google na Meta walisukuma kanuni ya namna hiyo hiyo kwenye NVMe, kiwango cha diski zao, ikapitishwa mwaka 2022, kwa sababu wenye maelfu ya diski hulipia wenyewe kila ufutaji usio wa lazima. Mwenye simu moja naye hulipia. Tofauti ni kwamba yeye hana mhandisi wa kumpigia hesabu.

Mkidhani nakuza mambo, kumbukeni magari. Mwanzoni mwa 2021 Tesla iliyaita yarudi kwa matengenezo magari karibu 135,000 ya Model S na Model X nchini Marekani. Betri zake zenye kobalti hazikuwa na kosa. Kilichokufa ni chipu ya eMMC ya GB 8 ya kompyuta inayoendesha kioo cha katikati. Ilikadiriwa kuvumilia kufutwa mara 3,000 hivi, na kwa jinsi ilivyoandikiwa kila siku ilifika mwisho baada ya miaka mitano au sita. Ikifa, kamera ya nyuma inazimika, na kuyeyusha ukungu kwenye kioo cha mbele kunakuwa shida. Gari lenye kilo za kobalti likaenda gereji kwa sababu ya chipu ya ukubwa wa ukucha. Wenye magari walikuwa na mamlaka ya usalama barabarani ya kuwasemea, na chipu zao zikabadilishwa bila malipo. Muuza unga wa Kasulo hana wa kumwitia simu irudi kiwandani.

Kuna jambo jingine ambalo kwenu huenda halionekani. Tangu Android 4.3, simu hufanya usafi wake ikiwa imetulia: huiambia chipu ni kurasa zipi mwenye simu amekwisha kuzifuta, ili isizihamishe bure. Usafi huo ulipangwa ufanyike zaidi simu ikiwa haiguswi na iko kwenye chaji, yaani usiku, kando ya kitanda cha mtu mwenye umeme. Njooni muone usiku wetu. Kolwezi ina mabwawa ya Nzilo na Nseke juu ya mto Lualaba, na laini kubwa ya umeme kutoka Inga, ya kilomita 1,700 hivi, inaishia hapa hapa. Umeme huo unalisha migodi. Mitaani tunalala na mgao. Simu huchajiwa mchana kwenye kibanda cha kuchajia, mara nyingi ikiwa imezimwa ili ijae haraka, kisha mwenyewe anaichukua na kuitumia mpaka iishe. Ule utulivu wa usiku kwenye waya mnaoutegemea hapa hutokea kwa nadra. Nafasi iliyofutwa na yule mama muuza unga hubaki ikibebwa na chipu kama data hai.

Najua mtanijibu nini, kwa hiyo nianze mimi.

Mtasema programu zitadanganya: kila moja itatangaza data yake kuwa ya muda mfupi, au ya kudumu, na dokezo litapoteza maana. Inawezekana. Lakini dokezo likikosewa, kinachoharibika ni mpangilio tu, wala data haipotei. Mnarudi pale mlipo leo. Na Android inaweza kupima: programu iliyosema “mfupi” na mafaili yake yakakaa miezi sita, isiaminiwe tena. Mnazipima programu kwa kula chaji, mnaweza kuzipima kwa hili.

Mtasema chipu za bei ya chini hazina nafasi ya kuweka mikondo mingi kwa pamoja, kwa kuwa kila mkondo unahitaji bloku yake iliyo wazi na kumbukumbu ya kuifuatilia. Ni kweli. Basi wekeni miwili: kitakachokufa hivi karibuni na kitakachokaa. Faida kubwa iko kwenye mgawanyo huo wa kwanza.

Na wapo watakaoniambia, hasa wa hapa nyumbani: wewe mtu wa Kasulo unaomba simu zidumu, je, kobalti yetu tutamuuzia nani? Swali hili nalisikia barazani na ni la haki. Nchi hii hutoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia. Lakini Februari 2025 serikali yenyewe, kupitia ARECOMS, mamlaka inayosimamia masoko ya madini, ilisimamisha usafirishaji wa kobalti kwa sababu ilijaa sokoni mpaka bei ikaanguka. Zuio likaongezwa, na kuanzia Oktoba mwaka huo likafuatiwa na mgao wa tani kwa kila kampuni. Kwa hiyo kuuza kwa wingi hakujawahi kutuhakikishia bei. Na mchimbaji aliyetoa jiwe kwa bei ya negosiani hulazimika kununua simu kwa bei ya duka, kisha kuinunua tena baada ya mwaka. Hasara hiyo ya pili ndiyo ninayoiona mimi, na ndiyo mnayoweza kuipunguza bila kungoja bei ya kobalti ipande.

Basi ninaomba haya.

Kwa watengenezaji wa chipu: wekeni usikivu wa dokezo la umri kwenye UFS za bei ya kawaida, siyo zile za juu tu, na muandike kwenye maelezo ya bidhaa kwamba upo, ili mnunuzi wa kiwanda cha simu auulize kama anavyouliza kasi.

Kwa watengenezaji wa simu: mnaponunua chipu inayosikia, washeni njia hiyo kwenye kiini cha Linux mnachokiweka, na mtumie mfumo wa mafaili unaoipitisha. Simu ikibaki na kiini cha zamani kwa maisha yake yote, hakuna programu itakayoweza kuiambia chipu lolote. Na muache nafasi ya akiba ndani ya chipu. Mteja akiambiwa GB 64, zile chache za akiba ndizo zitakazompa mwaka wa ziada.

Kwa Google: wekeni njia ya wazi ndani ya Android ya programu kutaja umri wa faili bila mwandishi wake kuhitaji kuijua Linux. Mafaili ya SQLite ya muda mfupi, hifadhi ya muda ya programu na kumbukumbu za matukio zipewe dokezo na mfumo wenyewe, bila kungoja mtu aombe. Hapo tayari mtakuwa mmeshughulikia sehemu kubwa ya maandishi ya kila siku. Usafi wa chipu usitegemee chaji ya usiku. Simu yenye asilimia 60 ya betri iliyotulia mfukoni saa sita mchana inaweza kuufanya.

Kwa waandishi wa programu: mkiandika faili, mnajua litafutwa lini. Semeni. Na bakapu za kila usiku ziandike kilichobadilika tu, badala ya kuandika upya hata meseji za mwaka juzi.

Kwenu nyote: onyesheni uchakavu wa chipu kwenye mipangilio ya simu, kwa asilimia, mahali ambapo mtu asiye fundi atapaona. Namba iko ndani tayari. Mimi naisoma kwa kifaa. Mnunuzi wa mtumba angeisoma kwa kidole kabla hajatoa faranga zake. Siku atakapoweza kuisoma, simu iliyoandikiwa vizuri itauzwa ghali kuliko iliyoandikiwa ovyo, na ninyi mtakuwa na sababu ya kibiashara ya kuandika vizuri.

Nakala ya barua hii naipeleka kwa ARPTC mjini Kinshasa, mamlaka inayosimamia mawasiliano nchini. Wakongomani tunaukumbuka usajili wa simu ulioitwa RAM, ulioanza 2020, ambapo mwenye simu ya 3G au zaidi alikatwa dola 7 kwa mwaka kutoka kwenye vocha zake na mwenye ya 2G dola moja, hadi malalamiko yalipoufanya ufutwe mwaka 2022. Tulilipa ili kila simu ijulikane ni ipi. Naomba sasa mamlaka hiyo itake kitu kidogo kisicho na tozo: simu yoyote inayoingizwa kuuzwa nchini, mpya au iliyotumika, iweze kumwonyesha mnunuzi hali ya chipu yake.

Hakuna katika maombi haya kinachohitaji madini mapya wala kiwanda kipya. Sehemu kubwa ni mistari ya programu ambayo imekwisha kuandikwa, na uamuzi wa kuiwasha kwenye simu za watu wa kipato cha chini pamoja na zile za wenye nacho. Anzeni na za GB 32 na 64 mnazozibuni mwaka huu, kwa maana ndizo zitakazoletwa mezani kwangu baada ya miaka mitatu.

Wenu katika kazi,

Fundi wa simu
Mtaa wa Kasulo, Kolwezi